Hesabu ya Pini

Mteja wa kwanza siku hiyo hata salamu hakutoa. Alichungulia mlangoni, macho yakampita Fundi kama yanapita nguzo ya umeme, yakaenda moja kwa moja kwenye kiti cha plastiki kule pembeni, nacho kitupu.

"Sista yupo?" akauliza.

Fundi alikuwa amekaa kwenye cherehani yake. Yake, nasisitiza, kwa sababu miaka kumi na minne amekaa hapo hapo, juu ya stuli ile ile yenye mguu mmoja uliofungwa waya. Chumba ni chake, kioo ni chake, bango la mlangoni linamtaja yeye, na mtaa mzima haumjui kwa jina alilopewa na wazazi wake, unamjua kwa Fundi basi. Leo mtu anakanyaga kizingiti cha mwanamke huyu na kumwulizia mwingine.

"Hajafika," alisema. "Ulikuwa unataka nini?"

"Suruali inanibana kiunoni. Nilitaka aniongezee kidogo."

"Lete nikuongezee. Mimi si ndiye fundi?"

Mteja akaibana suruali yake kwapani kama mtu aliyeambiwa kuna vibaka. "Haina haraka," akasema. "Nitapita Sista akiwepo."

Akaenda zake. Fundi akakanyaga cherehani, uzi ukakatika. Akatunga tena, ukakatika tena. Akauachia ukae.

Tusifichane, maana hadithi hii haina maana tukifichana. Fundi alikuwa anamwonea gere dada yake. Dada yake wa tumbo moja, aliyemtangulia kwa miaka mitano, aliyembeba mgongoni, aliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Alimwonea gere mpaka chakula hakipiti. Na ukimwuliza, atakana mchana kweupe na kukwambia yeye na dada yake ni chanda na pete.

Gere lenyewe halikuanza jana. Dada mtu ndiye aliyefaulu mitihani, akaenda chuo cha uuguzi, akafanya kazi hospitali kubwa miaka ishirini na miwili, yote katika chumba cha upasuaji. Minane ya mwisho alikuwa ndiye sista mkuu wa chumba hicho, yule anayempa daktari visu na mikasi, na anayehesabu kila kitu kinachoingia mwilini mwa mgonjwa na kila kinachotoka. Picha yake akiwa na sare nyeupe ilitundikwa kwa mama yao sebuleni, juu ya televisheni, mtu akiangalia taarifa ya habari anamwona na yeye. Picha ya Fundi ilikuwapo pia, sisemi haikuwapo. Ilikuwa ndani ya droo, pamoja na kalenda za zamani na remoti iliyoharibika.

Lakini hilo Fundi alilizoea. Dada alikuwa na hospitali yake, yeye alikuwa na chumba chake, na mtu unaweza kumwonea wivu aliye mbali ukaendelea kula na kulala. Balaa lilikuja dada alipokuja karibu.

Ilikuwa miezi mitano kabla ya asubuhi hiyo. Dada alitokea mchana wa siku ya kazi, na begi begani, akakaa kwenye benchi la kupigia pasi bila hata kuangalia kama pasi imezimwa.

"Nimeacha kazi," akasema.

"Wamekufukuza?"

"Nimeacha mwenyewe. Nimeandika barua."

"Dada, una akili timamu? Bado miaka michache ustaafu."

"Nimechoka, mdogo wangu. Presha imenizidi. Nataka kazi nyepesi, kazi ambayo nikikosea hakuna mtu anayekufa." Akatazama huku na huku, kwenye vipande vya nguo, kwenye makopo ya vifungo. "Nipe hata pembe hapo, niwe nakushonea vifungo."

Kazi nyepesi. Fundi alilisikia neno hilo likimwingia na likakaa. Mgongo wake umepinda juu ya hiyo kazi nyepesi. Macho yameingia miwani kabla ya wakati wake. Kuna mabibi harusi wamelia machozi mbele ya kile kioo, kuna wanaume wazima wamempigia kelele kwa sababu ya kola, na hakuna siku hata moja aliyoandika barua. Alipompigia mama yao simu, akitegemea walau apate pole, mama alisema, "Mpishe mwenzio apumzike. Kushona si kitu cha kumchosha mtu."

Akajikaza kisabuni. Akamnunulia dada yake kiti cha plastiki, akamwekea pembeni karibu na dirisha, akamfundisha vifungo na pindo. Na moyoni, Mungu amsamehe, akaomba ashindwe.

Hakushindwa. Cherehani ilimtisha, hakuigusa, lakini mkono wake! Alikuwa ameshona vidonda vya watu miaka na miaka, kitambaa kingemfanya nini? Pindo alilolishona hulioni hata uligeuze juani. Bitana, ile nguo ya ndani ya koti, alikuwa anaifunga kwa mkono mpaka unadhani koti lilizaliwa nayo. Haukupita mwezi, wateja wakaanza kugeuza nguo zao na kuuliza, "Hapa kashona nani?"

Mshono tu ungevumilika. Kilichommaliza Fundi ni ile ibada yake.

Kwanza alikuwa ananawa. Si kunawa kwako wewe na mimi. Anakwenda kwenye bomba la uani, anasugua kwa brashi kucha, viganja, mikono mpaka viwiko, kisha anarudi kaiinua juu inachuruzika maji, kana kwamba ndani kuna mtu amelala anamsubiri. Halafu anatandaza kitambaa cheupe mezani. Halafu anatoa kikopo chake cha pini, pini zenye vichwa vyekundu alizonunua mwenyewe, thelathini, anazipanga juu ya kitambaa tano tano, mistari sita, anahesabu kwa sauti. Anazichomeka kwenye koti, anashona, anazitoa moja moja na kuzirudisha kwenye mistari yake. Na kabla hajafunga ile shubiri ya mwisho ya bitana, anasimamisha sindano, anahesabu upya. "Thelathini. Imetimia." Ndipo anafunga. Isipotimia, hafungi.

Fundi yeye, kama mafundi wote tangu pini zizaliwe, alikuwa anazibana kwa midomo. Zikimzidi, anazichomeka kwenye kola ya gauni lake. Kola yake ilikuwa ghala, ukimkumbatia ujue umejitakia. Na kwa miaka kumi na minne hajasahau pini ndani ya nguo ya mtu. Sawa, mara mbili. Na mmoja kati ya hao wawili alistahili.

Watu bwana, wakaipenda ile ibada. Muuza viatu wa jirani alikuwa anaacha meza yake na kuja kusimama mlangoni akisikia tu maji yanamwagika uani. "Huyu mtu makini," alikuwa anasema, akitikisa kichwa. "Huyu ndiye unampa koti lako ukalala."

"Dada, hizo ni pini," Fundi alimwambia siku moja, akicheka cheko la jino pembe. "Si matumbo ya watu."

"Najua," dada akajibu bila kuinua macho. "Ndiyo maana siku hizi napata usingizi."

Na kweli alikuwa anapata. Mashavu yalimrudi. Akawa anaimba puani huku anashona, kale kawimbo kasikokuwa na mwanzo wala mwisho. Umeme ukikatika, anayetukanwa na wateja ni Fundi. Nguo ikichelewa, anayetafutwa ni Fundi. Ile presha aliyoikimbia dada mtu ilikuwa imehamia kwa mdogo mtu, na dada mtu amekaa dirishani anapunga upepo, anasifiwa. Fundi alikuwa anamtazama kwa pembe ya jicho na kijiba cha roho kinapanda mpaka kooni.

Sasa tufike kwenye koti.

Mwalimu Mkuu ndiye aliyekuwa mteja wa kwanza kabisa wa Fundi, zamani hizo Fundi hajui hata kukata mkono wa blauzi. Alimwamini akiwa si lolote si chochote. Kila suti aliyoivaa mwanamke yule mbele ya wanafunzi ilipita kwenye cherehani hii. Na sasa alikuwa anastaafu, sherehe ya kumuaga ilikuwa Ijumaa, na kwa ajili ya Ijumaa hiyo Fundi alimkatia koti la rangi ya zambarau iliyoiva. Wiki mbili alilishughulikia. Alifumua kola mara tatu mpaka ikakaa kama anavyotaka. Sitii chumvi, hajawahi kushona kitu kizuri kama kile, na alijua hatakishona tena hivi karibuni.

Jumatano Mwalimu Mkuu akaja kulijaribu. Akajigeuza mbele ya kioo, akajitazama nyuma, akatabasamu. Fundi akangoja. Alikuwa anaijua sifa inavyokuja, anaiona kwenye midomo ya mtu kabla haijatoka.

"Zuri sana," akasema Mwalimu Mkuu. "Limebaki bitana tu, siyo? Basi bitana afunge Sista. Nasikia ana mkono wa ajabu."

Fundi akasema sawa. Usiku huo hakula.

Hayo ndiyo aliyoamka nayo Alhamisi, na juu yake ndiyo akaja yule wa suruali ya kiunoni.

Dada alifika saa tatu, akasalimia, akaambiwa bitana ya koti ni yake kuifunga, na Mwalimu Mkuu analifuata saa kumi alasiri. Akafurahi kama mtoto. Akatandaza kitambaa chake, akapanga pini zake mistari sita, akahesabu thelathini, akaichomeka bitana, akashona mpaka saa saba na kitu, na pini zinarudi moja moja kwenye mistari. Ilipobaki ile shubiri ya mwisho, akasimama.

"Mkono umetoka jasho," akasema. "Nakwenda kunawa, nihesabu, nifunge."

Brashi ikasikika uani inasugua. Fundi alikuwa peke yake na koti, na meza, na mistari sita ya vichwa vyekundu.

Hakuwa amepanga. Kama kuna cha kumtetea ni hicho, na hakitoshi. Alisimama, akanyoosha mkono, akachukua pini ya mwisho ya mstari wa mwisho, akaichomeka chini ya kola yake, upande wa ndani, kati ya pini zake mwenyewe. Akarudi kukaa. Alichotaka ni kidogo tu: huyo mtu makini akosee mara moja. Watu waone. Muuza viatu aone.

Dada akarudi, mikono juu. Akahesabu.

"Ishirini na tisa."

Akahesabu tena, kidole kikigusa kila kichwa. Ishirini na tisa. Akatazama chini ya meza. Akachukua sumaku ya Fundi, ile ya kuokotea sindano, akapiga magoti, akaipitisha sakafuni kuanzia ukuta hadi ukuta, kigae kwa kigae, chini ya cherehani, chini ya benchi, ndani ya gunia la vipande. Akaipitisha mara ya pili. Mara ya tatu. Zikatoka sindano mbili zenye kutu na kifungo cha chuma. Pini hapana.

Muuza viatu alikuwa ameshafika mlangoni. "Sista, leo vipi?" akauliza.

Dada akaiweka sumaku mezani. Na Fundi, nimesema hatufichani, alisikia utamu. Alisikia utamu wa miezi mitano ukimteremka kifuani. Akainama kwenye kazi yake ili asionekane anavyobana midomo.

Kisha dada akachukua wembe.

"Unafanya nini?" Fundi akauliza.

"Iko ndani."

"Dada, ni pini. Papasa kwa mkono, ukiikosa funga."

Dada akamtazama, na uso wake ulikuwa umepauka. "Usiniambie funga," akasema taratibu.

Akafumua bitana yote, kazi ya asubuhi nzima. Akapapasa, akageuza, akapitisha sumaku. Hakuna. Akafumua mabega, akatoa sponji, akaibonyeza kipande kwa kipande. Hakuna. Wembe ukaenda kwenye kola, ile kola iliyofumuliwa mara tatu, na Fundi akajikuta amesimama. Koti lake. Wiki zake mbili. Lakini hakuweza kusema acha, maana mtu wa kusema acha ni mtu anayejua ilipo.

"Dada, ni pini tu. Utajikata."

"Siku ile pia niliambiwa hivyo," dada akasema. Hakuwa anazungumza na mtu, alikuwa anazungumza na mshono, huku wembe unakata uzi. "'Sista, ni kitambaa tu cha kufutia damu. Umehesabu vibaya. Funga, mgonjwa wa pili anasubiri.' Nilihesabu mara mbili, kilipungua kimoja. Mara ya tatu daktari akagomba. Nikaandika kwenye fomu, hesabu imetimia. Tukafunga."

Muuza viatu akavua kofia yake, sijui kwa nini.

"Mama wa watoto watatu," dada akasema. "Siku ya tisa akarudishwa na homa. Wakamfungua, kikaonekana. Hakutoka tena. Watu wakasema kosa la daktari, daktari akasema kosa la fomu. Fomu ina sahihi yangu. Ndiyo nikaja kwako. Nikasema, huku kwa mdogo wangu nitahesabu pini, na hesabu itatimia kila siku, labda nitazoea tena kuwa mtu wa kawaida."

Kola ikafunguka. Hakukuwa na kitu.

Fundi akarudi kwenye stuli. Miezi mitano amelala nyumba moja na fikra zake, akimhesabia dada yake kila sifa, na hakumwuliza hata siku moja kwa nini uliacha. Alimwuliza mara ile ya kwanza kama wamemfukuza. Basi.

Akawaza haraka. Aiangushe chini, aiokote, aseme hii hapa. Nani angejua? Mkono ukapanda kwenye kola. Ukasimama hapo. Sakafu ile dada ameipitia mara tatu kwa sumaku, kigae kwa kigae. Pini ikionekana sakafuni, maana yake nini? Maana yake Sista aliitafuta mbele ya macho yake akaikosa. Maana yake daktari alikuwa sahihi, mwanamke huyu hajui kuhesabu wala kutazama. Mkono ukashuka.

Na hapo ndipo Mwalimu Mkuu akaingia. Saa kumi kamili, mtu wa kengele yule.

Akaliona koti lake mezani, vipande vipande, kola huku, sponji kule. Hakupiga kelele. Alivuta pumzi tu ndefu ya mtu aliyefundisha watoto miaka thelathini.

"Nimepoteza pini," dada akamwambia. "Sijaiona. Siwezi kukupa koti ambalo sijui lina nini ndani. Nisamehe, Mwalimu." Kisha akamgeukia mdogo wake, na sauti yake ilikuwa nyepesi mno, sauti ya mtu aliyeshaamua. "Mtengenezee wewe. Mimi narudi kwa mama. Mikono hii haifai hata huku."

Mwalimu Mkuu akatikisa kichwa. "Kosa ni langu," akasema. "Ningemwachia Fundi kazi yake. Miaka yote hii, Fundi hajaniangusha."

Hilo ndilo neno. Ndilo alilolisubiri miezi mitano, limekuja lenyewe, kutoka kinywani mwa mtu yule yule, na muuza viatu shahidi. Kitu pekee alichotakiwa kufanya Fundi ni kunyamaza. Dada angekunja kitambaa chake cheupe na kwenda. Kile kiti cha plastiki kingekuwa cha kuwekea nguo. Kesho mteja angechungulia mlangoni na kusema, "Fundi, habari za asubuhi."

Alilitaka. Hata pale, hata baada ya yale aliyoyasikia, alilitaka jambo hilo mpaka meno yakauma. Akalitazama koti, akamtazama dada yake anayeokota kikopo cha pini kwa mikono iliyovimba kwa brashi.

"Usizikusanye," Fundi akasema.

Akaenda mezani. Akageuza kola yake, akapapasa, akajichoma kidole, akaitoa ile yenye kichwa chekundu. Akailaza juu ya kitambaa cheupe, mwisho wa mstari wa mwisho, kwenye nafasi yake.

"Ninayo mimi," akasema. "Niliichukua ulipokwenda kunawa. Kwa makusudi."

Muuza viatu akarudisha kofia kichwani.

"Ulihesabu sawa," Fundi akaendelea, kwa sababu akinyamaza hatasema tena. "Zilikuwa ishirini na tisa. Wanakuulizia wewe, Dada. Kila siku asubuhi wananiuliza mimi kama wewe upo. Na ulisema kazi yangu nyepesi. Nimekuonea wivu, nimekuonea wivu mpaka nimeiba pini."

Dada alikaa chini polepole. Aliitazama pini ile, wala hakuigusa. Fundi alisubiri kibao, au laana, au walau machozi.

"Kila usiku naota ndoto moja," dada akasema. "Kuna mtu anakuja mbio ananiambia, Sista, kile kitambaa ninacho mimi, kilikuwa mfukoni mwangu wakati wote, hakikubaki ndani ya yule mama. Kila usiku. Naamka kabla sijamwona uso." Akapangusa paji la uso kwa mkono juu ya kiwiko, kama wanavyofanya wauguzi wa upasuaji, ili vidole visiguse kitu. "Kumbe ni wewe."

Fundi hakujua kama amesamehewa au amehukumiwa, na alijua hawezi kuuliza.

"Washa pasi," dada akasema. "Mwalimu anataka koti lake."

Mwalimu Mkuu alikaa kwenye benchi, mkoba magotini, akawasimamia kama anasimamia mtihani. Fundi alirudisha kola na mabega kwa cherehani. Dada akanawa, akahesabu, akaifunga bitana. Hakuna aliyezungumza na mwenzake. Jua lilikuwa limeshazama zamani walipomvisha, na koti lilikaa vizuri kuliko mwanzo, hilo nalo lilimwuma Fundi.

Siku tatu dada hakuja. Kiti cha plastiki kilikaa kitupu dirishani, na kila aliyechungulia mlangoni aliuliza swali lile lile, na Fundi alijibu, "Hayupo," na kila mara alijua ni kwa nini hayupo.

Siku ya nne akasikia maji uani. Brashi ikasugua muda mrefu. Dada akaingia, mikono juu, bila salamu, akatandaza kitambaa, akapanga mistari sita. Kulikuwa na koti la bwana mmoja linasubiri, na bwana mwenyewe amesimama pale pale, na muuza viatu ameshajiegemeza mlangoni. Dada akachomeka, akashona, akazirudisha pini. Ilipobaki ile shubiri ya mwisho, akasimamisha sindano.

"Thelathini," akasema.

Hakufunga. Alimgeukia mdogo wake.

"Kola."

Fundi akamtazama. Akamtazama na yule bwana, na muuza viatu. Kisha akainuka, akaenda mpaka mezani, akainama, akageuza kola yake. Dada akapitisha kidole chake kilichonawa, akazigusa pini za Fundi moja moja, za ndani na za nje.

"Imetimia," akasema, akafunga.

Ndivyo inavyofanyika mpaka leo, kila koti. Wateja wanadhani ni sehemu ya utaratibu, na wameipenda kuliko yote, wengine wanaleta na jamaa zao waje waone. Fundi bado anamwonea wivu dada yake, asikudanganye mtu. Lakini mteja akichungulia asubuhi na kuuliza kama Sista yupo, anajibu yupo, anavuta stuli yake karibu na meza nyeupe, na dada yake anapoinua kichwa, kola inakuwa tayari imegeuzwa.